Kijana wa Katikati Ukutani

Fundi Brashi alikuwa hodari wa rangi, lakini mdomo wake ulikuwa hodari zaidi. Nusu ya vibao vya maduka mtaani alivichora yeye, huku akimsengenya mwenye duka mbele ya wateja wake. Siku Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alipomsimamisha mbele ya ukuta mkubwa wa kanisa, hata yeye alisahau kusengenya.

Ukuta ule aliuchora marehemu baba yake. Mfalme ameketi, sanamu yake ya dhahabu inang'aa, watu wote wamelala kifudifudi, na vijana watatu wa Maandiko wamesimama wima, wamegoma kusujudu. Yule wa katikati alikuwa na sura ya kaka yake Fundi. Kaka huyo aligoma kupiga magoti mbele ya askari waliokuja kuvunja mgomo kiwandani. Walimchukua, wakabeba na picha zake zote nyumbani, na hakurudi tena. Baba alimchora kwa kumbukumbu tu. Kwingine kokote sura ile haikuwapo.

"Jumapili mheshimiwa anakuja, na kiti chake ni hapa," Mwenyekiti alisema. "Huyu wa katikati ana macho ya jeuri. Mpigishe magoti."

"Lakini Maandiko yanasema walisimama, Mwenyekiti."

"Wawili si watabaki wamesimama? Wanatosha! Ukikataa, naita mtu apake chokaa ukuta mzima."

Chokaa! Sura ile ingepotea milele. Ndipo akapata ujanja. Baba alitumia rangi ya mafuta. Yeye angepaka juu yake rangi ya unga aliyoikoroga kwa uji wa wanga, ambayo kitambaa kibichi kinaifuta bila kuacha alama. Akafanya hivyo. Mwenyekiti alisifu sanaa mpaka kitambi kikatikisika, na Fundi akamchekea kimoyomoyo.

Kila Jumamosi mchana Mama yao alikuja kufagia kanisa. Akimaliza, huketi benchi la mbele na kumpasha mwanawe habari za mtaa: nani kaoa, nani kamfukuza mpangaji. Jumamosi ile aliingia na ufagio wake, akatazama juu ukutani, akasimama palepale.

"Usihofu, Mama," Fundi alimwahi. "Ni wanga tu. Jumatatu nafuta, anainuka."

Mama aliketi polepole.

"Pale getini kiwandani, mimi ndiye niliyemwambia hivyo hivyo," alisema. "Nilimwambia, mwanangu, piga magoti leo tu, kesho utainuka. Akanitazama, akakataa." Alielekeza ufagio kwenye ule mgongo uliokunjwa. "Askari wote wale walimshindwa. Tumemweza sisi."

Fundi aliona aibu, aibu ya kumchoma kifuani. Akataka kujitetea, kwamba alikuwa akimwokoa, kwamba chokaa haina huruma. Nje, Mwenyekiti alikuwa akiwaelekeza watu namna ya kupanga viti vya wageni.

Akasogeza ngazi ukutani. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaanza na magoti. Maji ya rangi yalimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, na chini ya rangi ile miguu ya kaka yake ikatokea, imenyooka.

Mwenyekiti alipoingia na kupiga kelele, "Shuka hapo! Shuka haraka!" Mama alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili.