Bakuli la Mfunga Bao

Kabla ya homa nilikuwa na mwili wa kazi. Gunia la mchele nililitoa garini mwenyewe, binti yangu Salma mgongoni. Nimezaliwa hapa Ibra, Uarabuni, wazazi wangu waliporudi kutoka Tabora. Nilimaliza thanawiya, yaani sekondari, nikaolewa na Nassor, nikazaa. Hospitali sikuwahi kulala ila siku ya kujifungua. Nasema haya mjue kwamba homa haikumkuta mtu dhaifu.

Nassor ni fundi wa magari. Ujanani alipelekwa kusoma Odessa, akarudi na cheti na Kirusi. Cheti kilimpa kazi gereji. Kirusi kilikaa bure mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini, klabu yetu ilipomleta mshambuliaji kutoka Ukraine, jina lake Taras. Alitakiwa mtu wa kumtafsiria, na Ibra nzima alikuwepo mmoja tu.

Taras alikuwa na miaka ishirini na saba. Alianzia mpira kwao, mji wa machimbo ya makaa, akaenda Poland, akaenda Uturuki, na kote huko alikaa benchi. Kwetu ndiko alikoanza kufunga. Alimwambia Nassor, "Msimu mmoja mzuri hapa, nakwenda Kuwait. Nikitoka Kuwait namjengea mama nyumba." Maisha yake yote yalining'inia hapo, kwenye msimu mmoja mzuri.

Ijumaa alikula kwetu. Nassor alimfundisha shikamoo, naye akawa anaigawa kama peremende.

"Shikamoo, Mama Salma!"

"Wewe Taras, mimi mdogo wako! Miye ndiye wa kukuamkia."

"Shikamoo, Salma!" Salma alikuwa na miaka mitatu. "Shikamoo, mbuzi!"

Tulicheka mpaka wali ukaungua.

Sasa bakuli. Mzee Hilal ni mfuga ngamia na shabiki wetu mkubwa, na alikuwa na ada yake. Kila mechi ya nyumbani alimleta ngamia mmoja mwenye maziwa nyuma ya pikapu. Mchezaji wetu akifunga, ngamia anakamuliwa nje ya ukuta wa uwanja, na bakuli linaingizwa ndani kwa mfunga bao, la moto, povu juu. Watu wote wanatazama. Kulikataa ni kumvunjia mzee heshima yake mbele ya watu. Taras alifunga sana, akanywa sana. Yaliyobaki yalitiwa kwenye chupa akapewa Nassor: "Mpelekee mkeo, ana mimba, yatampa nguvu." Nassor mwenyewe hanywi maziwa, yanamchafua tumbo. Nikayanywa mimi.

Mimba ilikuwa ya miezi minne. Homa ilianza kama utani. Asubuhi mzima, alasiri baridi inaniingia mifupani, magharibi nawaka. Kisha jasho, la kulowesha godoro, linanuka majani mabichi yaliyofunikwa yakaoza. Kisha mgongo, chini kabisa, kama mtu kanikandamiza kwa goti. Nikiinama kumvisha Salma viatu, nalia.

Daktari wa kwanza akasema, "Ni mimba hiyo, dada. Pumzika." Wa pili akasema mafua, akanipa panadol. Mama mkwe akasema jicho la watu. Akamleta mwanamke mwenye kuchoma kwa chuma, wakanilaza ubavu, nikapigwa alama tatu kiunoni. Ngozi yangu niliinusa ikiungua. Niling'ata mto.

"Vumilia, mwanangu, linatoka," mama mkwe alisema, na yeye mwenyewe analia.

Halikutoka. Makovu ninayo.

Uwanjani Taras naye alikuwa anaisha, wala hatukuyaunganisha mambo. Mtu tuliyemzoea kwa mbio akawa anakaa kwenye nyasi ameshika kiuno. Wakamzomea, "Yallah, babu! Mleteeni bakora!" Jasho lake walisema ni pombe. Meneja akamwambia Nassor, "Mtafsirie. Hatukumleta hapa kuja kulala." Nassor akamtafsiria. Mkataba ukavunjwa msimu haujesha.

Siku ya kuaga alikaa nasi kwenye zulia, na wakati wa kuondoka hakuweza kuinuka. Mimi pia sikuweza. Nassor akatuinua mmoja mmoja, mimi kwanza, kisha yeye. Taras akacheka. "Shikamoo, Mama Salma. Sisi wazee wawili."

Wiki mbili baadaye mtoto aliacha kucheza tumboni. Nilijua kabla ya daktari. Nikamzaa hivyo hivyo, kwa uchungu ule ule wa kuzaa aliye hai. Mvulana. Alikuwa na kucha. Muuguzi akasema, "Mungu atakupa mwingine," nikatamani kumpiga kibao. Hakuna aliyenieleza sababu. Nassor akenda kumzika, mimi nikabaki kitandani, maziwa yananitoka kifuani na hakuna wa kuyanyonya.

Homa haikujali. Nilikonda, nywele zikatoka kwa viganja. Salma akazoea kulala kwa bibi yake, akawa akiniona ananichungulia mlangoni kama mgeni. Nikamwambia mama yangu, "Nikifa, Salma atiwe skuli." Mama akaniambia ninyamaze.

Kisha ikapigwa simu klabuni, kutoka Ukraine. Nassor alirudi nyumbani saa saba mchana, uso hauna damu.

"Taras kapiga," akasema. "Kwao daktari, msichana mdogo tu, wa kijiji cha wafuga ng'ombe, kamtazama mara moja akamuuliza, ulikunywa maziwa mabichi? Wamempima damu. Ni homa ya mifugo, wanaiita brusela. Imeingia uti wa mgongo. Akauliza hali yako, nikamwambia. Amesema nikupeleke ukapimwe leo. Leo, si kesho."

Tukenda hospitali kubwa ya Nizwa, mimi nimelala kiti cha nyuma. Walinitoa damu wakanilaza. Jibu lilipotoka, lilikuwa lile lile. Daktari, mtu wa Sudan, aliniuliza, "Mja mzito, unakunywa maziwa ya ngamia hayajachemshwa, na hakuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Na mtoto yuko wapi?"

Nililivuta shuka usoni. Akalifunga faili taratibu.

Tukiwa njiani kurudi, tumeshaipita Sinaw, Nassor akasimamisha gari pembeni. Mikono iko kwenye usukani.

"Aliniuliza," akasema.

"Nani?"

"Taras. Siku ya bakuli la kwanza. Bibi yake alimkataza maziwa mabichi. Akaniuliza kwa Kirusi, yamechemshwa haya? Mzee Hilal kasimama pale, bakuli mkononi, watu wanatungoja. Niliona haya kumuuliza mzee neno kama lile. Nikamwambia Taras, ndiyo, yamechemshwa. Yalikuwa ya moto. Akaniamini."

Nilimpiga. Nilimpiga kwa mfuko wa dawa mpaka nikaishiwa pumzi, naye hakujikinga.

"Na mimi? Mimi ukaniletea chupa ile ile?"

"Sikujua kama yanadhuru. Watu wote hapa wanakunywa."

Kweli, wote wanakunywa. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi.

Nilimeza vidonge wiki sita. Vingine viligeuza mkojo wangu mwekundu kama soda ya Vimto. Sindano kila siku, mpaka nikawa nakaa upande mmoja. Wiki ya tatu, alasiri, nilijifunika blanketi mapema nikaingoja baridi. Haikuja. Salma akaingia akanishika paji la uso, kama alivyoona bibi yake akifanya, akasema, "Mama hana moto." Nikampisha kitandani.

Taras homa ilimtoka, mgongo haukurudi. Hakucheza tena. Ametuandikia kwamba anaendesha basi la wachimbaji, na mto nyuma ya kiuno. Kuwait hakufika. Na hapa Ibra bado wanasema, yule mzungu mlevi, yule mvivu.

Nilipopata nguvu nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Hilal nikamwambia yote. Akasema, "Kwa nini hawakuniuliza? Ningeyachemsha. Ilikuwa tabu gani?"

Basi haya ya kuuliza ililipiwa na watu wawili, Taras na mtoto wangu, ambaye hakuwahi kuliona jua.

Namshukuru Mungu aliyenibakisha kwa Salma. Namshukuru yule daktari msichana, ambaye sitamwona. Namshukuru Taras, aliyekuwa kitandani hawezi kujigeuza akakumbuka kuniulizia. Na nyinyi mnaosoma: chemsheni maziwa, ya ngamia, ya mbuzi, ya nani sijui. Homa ikija na kuondoka kila siku, na mgongo unauma, mwambieni daktari mlichokunywa hata kama hakuuliza. Mgeni akisita mbele ya bakuli, mwacheni asite. Na ukiwa wewe ndiye ulimi wake, sema alichosema.

Karatasi hii nimempa Nassor aisome kwanza, nione atathubutu kuniambia niichane. Aliisoma yote jikoni, amesimama. Akanirudishia.

"Umesahau kitu," akasema. "Aliniuliza mara mbili."

Basi nimeandika. Alimuuliza mara mbili.