Tarumbeta la Zakaria na Kifua Changu

Kabla ya kuugua nilikuwa na pumzi nyingi. Kazi yangu ni kuanika mpunga kwenye mashine ya kukoboa hapa Ubaruku, na nilibeba debe kichwani huku naimba. Kaka yangu Zakaria alifanya kazi ndani, akimimina mpunga mashineni na kuzoa pumba. Jumapili alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu. Tulizaliwa wawili tu, Iringa vijijini, tukaja huku pamoja.

Mashineni kila mtu anakohoa, kwa sababu ya vumbi la pumba. Mtu akizidiwa tunampa maziwa ya mgando, eti yaoshe kifua. Zakaria alipoanza kukohoa, mimi ndiye niliyemwambia, "Kaka, vumbi hilo. Kunywa maziwa."

Alikunywa miezi mitatu. Siku alipoanguka tukampeleka hospitali, akaishi siku tatu. Daktari alisema ni kifua kikuu, na kimeyala mapafu yote mawili.

"Mmechelewa sana," alisema. "Na wewe unayeishi naye, kapime."

Nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Sikwenda. Niliogopa kuambiwa kwamba maziwa yangu ndiyo yaliyomchelewesha kaka yangu.

Bendi yetu ina desturi. Mpigaji akifa, mazishini wanapiga wimbo bila sauti yake, na hakuna anayeruhusiwa kuijaza. Nafasi inabaki wazi mpaka siku ya kuweka msalaba kaburini, mwaka unaofuata, wimbo uleule unapopigwa tena. Zakaria alishika sauti ya pili. Nilisimama kaburini nikausikia wimbo ukiwa na shimo, na shimo lile likanifuata nyumbani.

Baada ya hapo mwili wangu uliisha. Jasho lililowesha godoro. Sketi ilinivuka nikiwa nimesimama. Asubuhi moja nilikohoa juu ya turubai la mpunga, nikaona damu kwenye punje.

Jirani yetu Mama Shija, Msukuma mwenye ng'ombe anayetuuzia maziwa, aliiona. Akaweka ndoo chini.

"Mdogo wangu, leo sikuuzii maziwa," alisema. "Panda bodaboda. Twende."

Hospitali muuguzi alinipa kikopo. Nikatema.

"Hayo ni mate, dada. Vuta ya kifuani."

Nilivuta mpaka machozi yakatoka. Majibu yalikuwa yaleyale ya Zakaria, ila mimi nilikuwa bado natembea. Nilipewa vidonge vya miezi sita. Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa bivu, magoti yaliuma, nilitapika uji. Mwezi wa pili njaa ilirudi. Mwezi wa sita makohozi yalikuwa safi.

Daktari aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga. "Umepona. Lakini hapa pana kovu. Pumzi ya zamani hutaipata yote."

"Naweza kupuliza tarumbeta?"

"Ulikuwa unapuliza?"

"Hapana."

Alicheka. "Basi anza polepole. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini."

Tarumbeta la Zakaria lilikuwa limetundikwa ukutani ndani ya mfuko wake. Nililiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Siku ya kwanza ulitoka upepo tu. Siku ya nne nikakumbuka alivyokuwa akitetemesha midomo, kama mtoto anayeigiza pikipiki. Nikafanya hivyo. Ikatoka sauti, mbaya sana.

Mama Shija akaita ng'ambo ya ua, "Jamani, ndama wangu yuko huko kwenu?"

"Ni mimi, dada!"

"Basi mnyonyesheni, ana njaa!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikatazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Nilikaa chini nikiwa nimelishika lile tarumbeta, nikashangaa. Kifua kilichotoa damu kilikuwa kimetoa sauti.

Tangu hapo nilipima pumzi yangu kwa turubai. Nilianza sauti moja kwenye pembe ya turubai, nikatembea nayo ukingoni mpaka ikatike. Mwanzoni hatua tatu. Baadaye nusu ya turubai. Vitufe vya tarumbeta ni vitatu tu. Nilivibonyeza huku na huku, nikitafuta wimbo ule wa mazishi kwa sikio. Sikuwa na mwalimu. Lakini sauti ya pili niliijua, kwa sababu ndiyo niliyoikosa siku ile.

Siku ya msalaba ilifika nikiwa bado sijaweza kulizunguka turubai lote. Mzee Sanga, mwalimu wa bendi, aliuliza, "Nani anashika ya pili?"

"Mimi, baba."

"Wewe mgonjwa?"

"Nilikuwa."

Alinitazama. "Noti ya mwisho ni ndefu, binti."

"Najua."

Tulianza. Niliingia pale penye shimo, na shimo likaziba. Midomo iliwaka moto. Noti ya mwisho ilipofika niliishika, nikaishika, kisha kifua kikaisha. Shimo likarudi palepale, mbele ya msalaba. Nikavuta hewa kwa nguvu, watu wote wakasikia kovu langu likikoroma, nikaingia tena. Wenzangu walikuwa bado wanapuliza. Mzee Sanga alikuwa ameuweka mkono wake juu, ananisubiri. Hakuushusha mpaka nilipomaliza.

Sijui kuieleza vizuri pumzi ile ya pili. Sikuitengeneza mimi. Nilifungua mdomo, nikaikuta ipo. Namshukuru Mungu kwa hiyo, na wale wa hospitali, na mwanamke aliyekataa kuniuzia maziwa.

Na wewe unayekohoa mashineni, vumbi lipo, ni kweli. Usimwambie ndugu yako kama nilivyomwambia wangu. Mshike mkono, mkapime wote wawili. Maziwa mtakunywa mkirudi.