Kitabu Nilichokiuza Vipande Vipande

Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Kufikia miaka ya sabini nilikuwa nimeshapakia magunia, nimepaka rangi nyumba za watu, nimechunga ng'ombe wasio wangu. Kisha mwenye duka la vitabu pale Iringa, Mhindi mpole asiyependa maneno mengi, akanipa kazi ya kutembeza vitabu vipya kutoka Ipogolo, pale chini ya mji, hadi Mbeya. Vilikuwa vya historia na vya maisha ya watu, vimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kawaida kama mimi, nami nilivisoma vyote kabla ya kuviuza. Sharti lake lilikuwa moja: kisichouzwa kirudi kizima. Nikiharibu, sina kazi.

Rujewa, kule Usangu, niliuzia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, maana watu walikaa pale nusu siku wakingoja zamu. Siku moja niliwasomea mwanzo wa kitabu cha mzee aliyebeba mizigo ya askari katika vita ya Wajerumani. Nilipofika anapotumbukia mtoni na sanduku la risasi kichwani, nikafunga. Ndivyo nilivyouza siku zote.

Mama mmoja Msukuma, wa wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao, alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima. Akasema kitabu kizima hana pesa ya kukinunua.

"Dukani mche wa sabuni unakatwa," akasema. "Kitabu kina nini kisikatwe?"

Watu wakacheka. Mimi nikakigeuza, nikaona kimeshonwa kwa uzi, mikunjo minne ya kurasa. Nikaazima wembe. Fundi wa mashine akachukua mwanzo, mama akachukua mkunjo wenye mto, mkulima mmoja akachukua uliofuata, na dereva wa trekta akachukua mwisho. Nikajiona hodari kuliko tajiri wangu.

Niliporudi baada ya wiki mbili walikuwa wananingoja. Walikuwa wamesomeana vipande vitatu, lakini dereva alikuwa amehamishiwa Mbeya na akaondoka na mwisho wake. Nikasema si shida, nitawasimulia.

"Wewe ni muuzaji," mama akanijibu. "Ukitaka mzee afe, atakufa. Ukitaka aoe, ataoa. Sisi tunataka yaliyoandikwa."

Fundi akaongeza kwamba mwisho usipokuja, vipande vitatu vitapanda lori la mpunga vimfikie mwenye duka. Nikaona heri nitangulie mwenyewe.

Iringa nilimweleza tajiri yote kabla sijaketi. Ningeweza kusema kimenyeshewa mvua, lakini nilitaka kujua atasema nini. Aliuliza nimekata kwa nini. Kwa wembe, nikasema. Akatoa nakala nyingine rafuni, akautazama ule mshono kwa muda mrefu.

"Hiki usikate," akasema. "Wasomee mwisho. Wakikinunua, rudi uchukue vingine. Wasiponunua, kilete, halafu tafuta kazi nyingine."

Nikawasomea pale pale penye mashine, sauti yangu ikishindana na injini. Mzee anarudi kwao, anakuta matanga yake yalishamalizika na mke wake ameolewa. Anakaa, anaomba chakula, anakula. Basi.

Mama akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akapitisha kidole chini ya kila mstari hadi nukta ya mwisho, ahakikishe sikuongeza langu. Fundi alimwita mara mbili kwamba zamu yake imefika, hakuinuka.

"Kweli kimeandikwa hivi," akasema. "Lakini huyu mzee ametuficha. Wenzake waliokufa njiani, mizigo yao alibeba nani? Lazima tukirudie toka mwanzo."

Wakachanga watatu, wakakinunua kizima, halafu wakagombania kilale kwa nani kwanza. Niliwaacha wakibishana, nikasimama barabarani kungoja lori la kwenda Iringa kuchukua vingine.