Zege la Mzee Bakari

Jamani, sikieni yaliyonikuta leo.

Mimi ni injinia wa vifaa vya ujenzi katika kampuni kubwa iliyojenga tangi jipya la maji hapa Kinango. Kazi yangu ni kuvunja kwa mashine vipande vya zege walivyonitengenezea mafundi kutoka zege lilelile la nguzo za tangi, nijue nguzo hizo zina nguvu kiasi gani. Hakikufeli hata kimoja. Nimepandishwa cheo kwa sababu hiyo.

Leo nikaenda kumshukuru fundi mkuu, Mzee Bakari.

"Shikamoo mzee. Zege lako halina mfano!"

"Marahaba mwanangu. La vipande vyako huwa nalikoroga kando, kwenye karai. Simiti naongeza mara mbili."

"Vyangu tu? Na nguzo?"

"La nguzo ni la kawaida. Wewe mtoto wetu, nikuache uaibike mbele ya wakubwa wako?"

Wallahi, alisema kwa mapenzi.

Nikainua macho. Tangi limejaa tangu juzi. Chini yake, foleni ya akina mama na madumu.

Nimewaondoa kwa mayowe.

Mzee Bakari ndiye aliyewasaidia kubeba madumu, huku akiniuliza nani ameniudhi.

Nyinyi mngemjibu nini?