Zamu ya Syokau

Syokau wa Kanyangi hapendi kuulizwa swali moja mara mbili, na wakili wa kampuni ya mchanga alikuwa amemuuliza mara tatu.

"Mama, wewe mwenyewe umeumia wapi?"

Kusema kweli, hakuwa ameumia popote. Aliyevunjwa mkono na walinzi, akichota maji mtoni pale kampuni ilipoweka seng'enge, ni jirani yake Kalekye. Lakini Muli, mwanawe Kalekye, anaendesha tingatinga la kampuni hiyohiyo. Jina la mama likionekana kwenye kesi, kijana hana kazi, na nyumba ile haina mwingine wa kuitegemea. Ndiyo maana kikundi chao cha mwethya, akina mama wanaolimiana mitaro kwa zamu, kilishtaki kwa jina la kikundi. Sasa huyu wakili, viatu vinang'aa na vumbi lote hili la Kitui, anadai kikundi hakina mkono wa kuvunjika. Aliyeumia aje mwenyewe, ama kesi itupwe.

"Bwana wakili," Syokau alisema, "kwa mwethya mtu akiwa mgonjwa hatumwambii amka kwanza ulime ndio tujue shamba ni yako. Tunaenda tu. Hata hapa tumekuja tu."

Wenzake waliangua kicheko. Jaji hakucheka. Alisema Katiba inakiruhusu chama kuwasemea wanachama wake, na inamruhusu mtu kumsemea asiyeweza kujisemea. Kesi itasikizwa.

Syokau alirudi Kanyangi mchana, akakatiza shambani kwake ili ampelekee Kalekye habari. Akasimama ghafla. Mtaro wake, uliokuwa ulimwe leo kabla ya korti kuwaita, ulikuwa umeanzwa: kipande kifupi, kimepinda. Ndani yake alikuwa Kalekye, plasta mkono wa kulia, jembe mkono wa kushoto.

"Mama Muli! Si nilikwambia ukae nyumbani?"

"Leo ni zamu yako. Na nyinyi wote mlikuwa kortini juu yangu." Kalekye aliegemea jembe. "Wamesema nini?"

"Bado hatujashinda. Wamesema tunaweza kukuongelea."

Kalekye alijifuta uso kwa kanga. Syokau alikuwa amepanga kumgombeza sana, lakini machozi yalimtangulia. Alivua viatu vyake vya korti, akamnyang'anya jembe, akaanzia pale mwenzake alipofika. Kile kipande kilichopinda hakukigusa.