Pua ya Lori la Fundi Erasto

Erasto Kapinga alijaliwa mikono miwili mizuri na mdomo mmoja mbaya. Angepewa kinyume chake, angezeeka kwao Songea akiwa mzee wa kanisa. Alifika Mtwara mwaka wa sitini na nane kutengeneza malori ya serikali, akamwoa Magreth, mwalimu wa darasa la pili, akazaa watoto wanne, akalijua kila gari la mjini kwa kikohozi chake. Nyumba waliyopewa ilikuwa na bomba la maji uani. Kwa bomba lile Erasto alijihesabu tajiri, ingawa neno hilo siku zile hukulisema bila kwanza kutazama nyuma.

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri kwamba watu wote wakae vijijini, pamoja. Nachihunda kilikuwa kitongoji mdomoni mwa Ruvuma, nyumba kumi na mbili kati ya mikoko na mikorosho. Watu wake walitakiwa wapande juu, upande wa Ziwani, kwenye kijiji kipya kilichokwisha kuwa na kila kitu: kibao chenye jina, mlingoti wa bendera, na mwenyekiti. Maji yangefuata.

Lori la kuwahamisha lilikuwa mikononi mwa Erasto, na lori halikutaka. Katikati ya kilima cha mchanga lilitoa moshi mweusi, likatetemeka, likarudi kinyumenyume na watu wake. Safari tatu, mara tatu. Mara ya tatu watu walishuka, wakaenda zao kupika.

Ndugu Lwambano, afisa wa oparesheni hiyo ya vijiji, akamwita fundi ofisini.

"Lina ugonjwa gani?"

"Linakosa pumzi, mzee. Pua yake iko chini, inavuta joto la injini na vumbi tupu. Nikiipandisha juu ya kibanda cha dereva, nikaitanua, litapanda likiimba."

"Likiimba?"

"Beti zote."

Lwambano akatabasamu. Alikuwa akitabasamu kwa meno ya juu peke yake. Ya chini aliyaweka akiba.

"Vizuri. Jumamosi Nachihunda yote iwe juu. Lisipopanda, nitajua yupo mtu hapendi wenzake wapande. Nami sitamfunga mtu huyo, ndugu fundi, sisi si wakoloni. Nitamwandikia kiwanja huko huko, yeye na familia yake. Na jembe."

Magreth aliposikia, aliacha kukuna nazi. "Ulimwambia beti zote?"

"Ilinitoka tu."

"Hukuweza kusema nusu?"

Erasto akafanya kazi kama mtu anayechimba kaburi ambalo hataki liwe lake. Aling'oa bomba la bati la kuteremshia maji ya mvua kwenye ukuta wa ofisi ile ile ya oparesheni, akalikunja, akalipandisha ubavuni mwa kibanda hadi juu ya paa, na kule juu akaliwekea mdomo mpana kama sufuria ya pilau. Chini akaliunga na bakuli la kuchujia hewa. Bakuli hilo hutiwa oili. Hewa ikipita juu yake vumbi hunasa, na injini huvuta hewa safi.

Ila oili haikuwapo mji mzima. Bohari walikuwa na fomu za kuombea oili, za rangi tatu.

Dereva wa lori, Hassani Nandonde, mzaliwa wa Nachihunda, ndiye aliyemwokoa. Alimpeleka kwa shangazi yake, Bibi Mwanahawa, aliyekuwa na debe la mafuta ya maganda ya korosho, meusi, mazito, yenye kuunguza ngozi ukiyashika.

"Haya tunapaka nguzo, mchwa afe," alisema bibi. "Wewe unamnywesha nani?"

"Gari halinywi, bibi. Linanusa tu kwa juu."

"Anayenusa kwa nguvu huvuta na kamasi."

Hassani alicheka hadi akashika ukuta. Erasto hakucheka. Alikuwa akiyatazama mafuta yakining'inia kwenye kijiti bila kudondoka, na moyo wake ukafurahi: vumbi litakalonaswa hapa halitoki mpaka kiyama. Ndani ya bakuli palikuwa na mstari wa kipimo. Akaupita vidole viwili.

"Mstari huo vipi?" aliuliza Hassani.

"Wameuchora Wazungu kwa vumbi la kwao. La kwetu ni nene."

Ijumaa walilijaribu lori tupu, bila watu. Likapanda kilima kama mbuzi. Hassani alipozima, injini ikaendelea kuguna, mara mbili, mara tatu, ndipo ikatulia.

"Mbona nimezima na bado linasema?"

"Nguvu hiyo. Imezidi."

Jumamosi asubuhi watu wa Nachihunda walipakiwa pamoja na kuku, mikeka na milango yao. Kila mtu aling'oa mlango wake, nyumba huibebi. Bibi Mwanahawa alikaa nyuma kabisa, mlango wake mapajani. Lwambano aliingia mbele, katikati ya dereva na fundi. Lilipoondoka tu, mgambo wakaanza kuwasha mapaa ya makuti, mtu asipate pa kurudia. Ndani ya lori hakuna aliyelia. Hata kuku walinyamaza.

Likapanda. Likafika pale lilipokuwa likishindwa, likapapita. Lwambano akampiga Erasto begani, na Erasto akaliona bomba lake la uani likitiririka.

Ndipo kilima kikasimama wima, lori likainua kichwa kwa uzito wa watu nyuma, na mafuta ndani ya bakuli yakalala nyuma, yakafika kwenye koo la injini.

Sauti ikabadilika, kutoka kuunguruma ikawa mlio mwembamba uliozidi kupanda. Moshi ukageuka mweupe, mchungu, wa kuwasha macho.

"Fundi," alisema Hassani, "nimeondoa mguu kwenye moto, na bado linapanda sauti."

"Zima!"

"Nimezima!"

Hassani akakanyaga klachi na kuvuta breki ya mkono. Lori likasimama, lakini injini, sasa haina mzigo, ikapiga kelele kama mtu anayechomwa. Ilikuwa inakula mafuta ya korosho, na ingeyala yote, kisha ingejirarua vipande vipande mbele ya watu wale.

"Lizime!" alifoka Lwambano. "Hiyo ni amri!"

Nyuma watu waliruka. Bibi Mwanahawa hakuweza. Milango ya wenzake ilikuwa imemwangukia miguuni.

Dawa ilikuwa moja, nayo Erasto aliijua: kuziba pua. Akapanda juu ya paa. Mdomo wa bomba ulimkodolea, mpana, ukivuta. Viganja viwili havikutosha. Shati alilolitia lilimezwa na vifungo vyake. Basi fundi wa serikali, baba wa watoto wanne, akageuka, akaukalia.

Ukamshika. Alihisi kama mtu wa chini ya ardhi amemkamata makalio kwa mikono miwili na anamvuta aende kwao. Injini ikakoroma, ikakwama, ikafa. Kitu kikavunjika ndani ya injini, taratibu, kama mfupa wa kuku.

Hassani alikwenda nyuma kumtoa shangazi yake chini ya milango. Mguu ulichubuka, haukuvunjika. Bondeni, Nachihunda ilikuwa moshi tupu. Juu, bendera ya kijiji kipya ilionekana kwa mbali, imelala kwenye mlingoti. Watu walisimama katikati, kila mmoja na mlango wake, wakimtazama mtu aliyekaa juu ya paa bila shati.

Ndugu Lwambano alishuka, akajifuta masizi usoni kwa leso, akatoa kalamu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Fundi, kwako mko wangapi?"

Erasto aliendelea kuukalia mdomo wa bomba. Aliogopa kuinuka, lisije likawaka tena.