Goti la Mama Mkwe
Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita kasoro robo, kinyozi aliyazunguka magari mawili kwenye yadi ya kuuzia magari kama anavyozunguka kichwa cha mteja: hatua moja nyuma, jicho moja amelifumba, kidole kikifuata ukingo. Moja lilikuwa dogo, jekundu, la mwendo wa kasi. La pili lilikuwa refu, la kijivu, lenye buti la kumeza mizigo ya familia nzima. Kila alipofika kwenye lile jekundu alikipuliza kiti kana kwamba kina nywele, akaupapasa usukani. "Goti la mama," mkewe alimkumbusha, maana mama mkwe, aliyeketi kwenye benchi kando yao, ndiye angepelekwa kliniki kila wiki, na goti lake halikunjiki.

Basi kinyozi, ili amjaribie, akajipenyeza kiti cha nyuma cha gari jekundu, mguu mmoja ameunyoosha kama ubao, akakwama palepale. Mkewe na muuzaji wakamvuta kwa makwapa. "Haya, tuchukue hilo la kijivu," akasema, sauti imemnywea. "Nani kakwambia mimi nitakaa nyuma?" Waligeuka. Mama mkwe alikuwa ameshaingia kiti cha mbele cha lile jekundu, mkanda kifuani, kiti amekisukuma hadi mwisho, mguu umenyooka raha mustarehe. "Washa, baba, tusikie linavyonguruma!"

Mwaka mmoja baadaye, mama mkwe bado anakaa mbele katika gari hilo jekundu. Mke wa kinyozi ndiye anayekaa nyuma, magoti kidevuni, akiwasihi mumewe na mama yake wapunguze mwendo.